Alama Moja ya Ziada

Binti wa kinyozi alipata alama tisini na sita katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, na chuo cha uhandisi alichokitamani kilichukua kuanzia tisini. Alikuwa amepita kwa kishindo. Wateja wakawa wanamtania baba yake: "Wewe unanyoa vichwa vya watu, kumbe mwanao alikuwa anakijaza chake!" Naye alicheka mpaka akalazimika kuzima mashine.

Lakini jioni, mezani, alimwambia bintiye, "Tisini na sita si haba. Ila mia nayo ipo, mwanangu. Ukirudia mwakani utawakata maini."

"Nirudie mtihani niliofaulu, baba?"

"Mcheza kwao hutunzwa. Kaa nyumbani mwaka mmoja tu, ujinoe."

Lililokuwa moyoni hakulisema. Mkewe alikwisha kufariki, mtoto mwingine hakuwa naye, na chuo kilikuwa mbali. Akiwaza kurudi kutoka kazini na kukuta nyumba kimya, aliingiwa na hofu.

Binti akaahirisha chuo. Mashoga zake wakaondoka kwenda chuoni, yeye akajifungia chumbani na vitabu. Kinyozi alitarajia gumzo na vicheko vya zamani, lakini kila akigonga alijibiwa, "Nasoma, baba." Akawa anakula peke yake, akisikiliza kurasa zikifunuliwa upande wa pili wa ukuta. Upweke alioukimbia ulikuwa umemtangulia ndani, umeketi naye mezani.

Siku moja shangazi wa binti alikuja kuwajulia hali. Alipomwona mtoto alivyokonda, akamvuta kaka yake uani.

"Nimemwuliza wenzake wako wapi, ananiambia wameacha hata kumpigia simu. Kaka, wembe huo unaunoa au unaumaliza?"

Dada yake alipoondoka, kinyozi akaenda kugonga mlango wa bintiye, na safari hii hakungoja jibu.

"Acha vitabu, mwanangu. Alama zako zilitosha tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeogopa kubaki peke yangu."

Binti alifunga kitabu taratibu. "Nilijua, baba. Ndiyo maana nilikaa."

"Sasa mbona hukai nami?"

"Niliona aibu kukaa bure, nikazama humu. Kisha nikashindwa kutoka." Akajifuta macho. "Mtihani umekaribia. Wacha tu nimalize."

Wakala pamoja, lakini maneno yalikuwa machache. Walikuwa wamepoteza mazoea.

Matokeo yalipotoka, alikuwa na tisini na saba. Wateja hawakujua wapongeze au wacheke. "Mwaka mzima kwa alama moja?" mmoja wao aliuliza. Kinyozi alimwinamisha kichwa, akaendelea kunyoa.

Alimsindikiza bintiye kituo cha basi. Wiki ya kwanza akawa anashinda kwa dada yake baada ya kazi, kati ya kelele za watoto wasio wake. Huko ndiko simu ya bintiye ilikomkuta.

"Umewaona mashoga zako?" akauliza.

"Nimewaona. Wako mwaka wa pili. Wananisalimu vizuri, kisha wanakwenda zao." Sauti ilikatika kidogo. "Ninaosoma nao ni wadogo kwangu, baba. Nitawazoea."

"Utawazoea," alisema, akaibana simu sikioni, ingawa binti alikuwa ameshaikata.