Mita Tisa za Nduma

Everlyne Mkawasi alipoacha kazi ya usorovea akiwa na miaka arobaini na mitatu ili akafundishe hesabu, Voi nzima ilimwona amerukwa na akili. Miaka kumi na minane alikuwa akipima mashamba, ana gari la kazi na buti za ngozi, na jina lake limo chini ya ramani kutoka Mghange hadi Makwasinyi. Leo anakwenda chuo kukaa deski moja na watoto aliowazidi miaka ishirini, anarudi na cheti, anapangiwa shule ya kutwa huko Chawia ambako choo cha walimu kina gunia badala ya mlango. Dada yake alimwambia waziwazi kwamba ameacha mbachao kwa msala upitao. Everlyne alicheka tu.

Alikuwa na sababu yake, wala hakuificha. Alichoka kusimama katikati ya ndugu wawili wenye mapanga akiwaonyesha jiwe la mpaka. "Mimi nataka kazi ambayo ukikosea unafuta kwa dasta," alikuwa akisema, na watu wanacheka naye. Ndivyo mtu anavyojiropokea, hajui kesho imeficha nini.

Na tusimnyime haki yake, alijua kufundisha. Wiki ya tatu alikitoa nje Kidato cha Tatu, akakisimamisha kwenye mteremko nyuma ya jiko la shule, akalaza tepu chini. "Mlima una urefu wa aina mbili," akawaambia. "Kuna ule unaoutembea kwa miguu, na kuna ule unaoingia kwenye ramani. Ramani haipandi mlima. Inaangalia kutoka juu, kama mwewe." Akawaonyesha kwamba tepu ikilazwa kwenye mteremko husoma zaidi, na kwamba ni lazima uzidishe kwa kosaini ya pembe ndipo upate umbali wa kweli wa ramani. "Sorovea akisahau hilo," akasema, "anampunja mtu shamba."

Alilisema kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa maringo. Kisha akawapa kazi ya nyumbani: kila mtu apime mteremko mmoja wa kwao kwa kamba, na pembe aipime kwa protrakta yenye uzi na kijiwe.

Kesho yake aliyeinua mkono alikuwa Immaculate, msichana mkimya wa dirishani ambaye hajawahi kujibu swali hata moja. Alikwenda ubaoni akaandika polepole. Kutoka Jiwe la Popo hadi bikoni ya mpaka, mita sitini juu ya ardhi. Pembe, nyuzi thelathini. Umbali wa ramani, mita hamsini na mbili.

Darasa likapiga makofi. Immaculate hakurudi kukaa.

"Madam, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ni sawa kabisa."

"Lakini hati ya nyanya inasema ni sitini kwa ramani. Hati ni ya serikali, madam, haiwezi kukosea. Kwa hivyo ni mimi. Nimerudia mara tatu na sioni mahali."

Everlyne aligeuka aangalie ubao vizuri, na hapo ndipo macho yake yalipolisoma lile jina: Jiwe la Popo. Analijua jiwe hilo. Alisimama juu yake miaka kumi na minne iliyopita, na wingu jeusi linashuka, na gari liko ng'ambo ya barabara ya udongo ambayo ikinyesha haipitiki. Chaki ikamtoka vidoleni ikavunjika sakafuni. Watoto arobaini wanamtazama. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa amesimama mbele yake na sweta ya kijani, akingoja kusahihishwa.

"Rudia," akasikia sauti yake ikisema. "Pengine kamba yako ilivutika."

Darasa likacheka. Immaculate akachukua dasta, akafuta jibu lake mwenyewe.

Saa ya chakula Everlyne alijificha nyuma ya maktaba akampigia simu Munyao, aliyekuwa akimshikia tepu miaka hiyo na sasa anauza mbuzi sokoni Voi.

"Munyao, unakumbuka shamba la Jiwe la Popo, Chawia? Siku ile ya mvua?"

"Nitasahauje, madam? Si tulilala kwa gari!"

"Tepu tuliishikaje? Uliiinua ikae sawa?"

"Wewe ndio uliniambia nilaze chini tu, mvua inakuja, utarekebisha ofisini. Yule mzee mwenye shamba akanishika mkono, akasema mpaka ni mtoni. Ukamwambia, mzee, tepu haina upendeleo." Kisha akauliza, "Si ulirekebisha, madam?"

Hakurekebisha. Shamba lilipangiwa mita sitini za ramani, kutoka kwenye jiwe hadi mtoni, lakini ofisini alikuta faili kumi na moja zinamngoja, akaandika sitini, akapiga sahihi. Bikoni ikakaa pale ilipoishia tepu, na kilichobaki kuelekea mtoni, mita tisa za nduma, yale magimbi ya mtoni, na maji, kikaangukia jirani wa bondeni. Naye hakukawia, akazungusha waya. Yote hayo kwa sababu ya wingu! Everlyne aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, maana jambo hili likitoka, jina litakaloitwa kortini ni lake, na kazi hii mpya hata mshahara wa kwanza hajaupokea. Akajiambia kwamba atalifikiria polepole. Mtoto atasahau. Nani anakumbuka kazi ya nyumbani?

Asubuhi iliyofuata daftari la Immaculate lilikuwa juu kabisa ya rundo, limefungwa kwa gazeti kwa heshima. Everlyne alilifungua, na akashtuka kuliko jana. Mtoto alikuwa amefuta ile sitini ya juu ya ardhi mpaka karatasi ikatoboka, akaandika sitini na tisa. Akazidisha kwa kosaini. Akapata sitini. Chini yake akaandika, "Nimesahihisha, madam. Samahani."

Hakuipima hiyo sitini na tisa. Aliitafuta kwa kalamu, akirudi nyuma kutoka kwenye hati, ili akubaliane na serikali na mwalimu wake. Na hiyo sitini na tisa ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, umbali wa miguu kutoka Jiwe la Popo hadi kwenye maji, pale ambapo bikoni ingekaa kama sorovea angefanya kazi yake. Everlyne aliinama juu ya daftari akalia, palepale kwenye chumba cha walimu, bila kujali nani yuko mezani. Shamba alilipunja kwa kusahau. Mtoto huyu, yeye Everlyne alikuwa amempunja kwa kusudi.

Aliingia darasani akaandika ubaoni zile namba za kwanza: sitini, thelathini, hamsini na mbili.

"Hili ndilo jibu," akasema. "Immaculate hakukosea. Hati ndiyo iliyokosea, na aliyeipimia hati hiyo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja wa nyuma alisema "Haiya!" kwa sauti ndogo. Immaculate alimkazia macho, mdomo wazi, kama mtu aliyezabwa kofi na mgeni.

"Wewe ndio yule sorovea wa Voi?"

"Ndiye mimi. Nitaandika barua kwa ofisi ya ardhi, kwa jina langu. Lakini kwanza nipeleke kwa nyanya yako."

Walipanda baada ya masomo, mwalimu akibeba tepu yake ya zamani, mwanafunzi mbele. Nyanya Mable alikuwa mlangoni pa jiko anachambua maharagwe. Alikaribisha, akaulizia habari za shule, akamtuma mjukuu alete kigoda. Everlyne hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, wingu, tepu, faili, sahihi, na alipomaliza alingoja kutukanwa. Angalau matusi yangempa mahali pa kushika.

Ungo wa maharagwe ukaanguka. Nyanya Mable hakuutazama.

"Mwandawiro alikuwa anapima kwa hatua," akasema. Huyo alikuwa mumewe, aliyefariki mwaka uliopita. "Kila jioni. Anatoka kwa jiwe, anashuka, akifika kwa waya anaonyesha kule mbele, anasema, Mable, petu ni mpaka mtoni. Akichimba nduma wakamwita mwizi mbele ya chifu. Akaacha kwenda kanisani kwa aibu."

"Nisamehe, nyanya."

"Ngoja, mwanangu. Unajua mimi nilimwambia nini? Nilimwambia, nyamaza, Mwandawiro, hati ya serikali haiwezi kukosea. Miaka kumi na mitatu nilimwambia hivyo. Nilimwita mwongo ndani ya nyumba yake. Amekufa nikimwita mwongo."

Everlyne alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa korti, hata kwa laana. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

Nyanya Mable akainuka, akashika fimbo yake. "Msamaha usiniombe mimi. Njoo umwambie mwenyewe."

Wakashuka naye shambani, taratibu, kwa ajili ya magoti yake. Kaburi lilikuwa mwisho kabisa wa shamba, karibu na bikoni kiasi kwamba msalaba uligusa waya. Aliomba azikwe hapo, nyanya akasema, na watu wakaona ni ukaidi wa uzee. Ng'ambo ya waya nduma zilikuwa zimestawi, majani mapana, na maji yalisikika.

Everlyne alifungua kinywa mbele ya ule msalaba. Hakikutoka kitu.

Immaculate akamtazama nyanya yake, akamtazama mwalimu. Kisha akaichukua tepu mkononi mwa Everlyne, akampa ncha ashikilie juu ya bikoni, akainama akapita chini ya waya na kushuka katikati ya nduma mpaka hawakumwona.

"Tisa, madam," akaita kutoka kwenye maji. "Na kidogo."