Vitanda Vinne, Chumba Kimoja

Kwa miaka kumi na sita ya ndoa, Haika hakuwa amelitamka jina la baba mkwe wake hata mara moja. Hakuwa amekula naye meza moja, kumtazama usoni wala kumwelekezea neno. Mila hiyo haikuwa ya kwao. Yeye ni Mchaga wa Machame, na kwao mkwe unamkaribisha, mnapiga soga, mambo yanaisha. Ilikuwa ya kwa kina Lusekelo, mume wake, Wanyakyusa wa Tukuyu, na hata huko wengi siku hizi wameilegeza. Ila Mzee Ambakisye hakuwa mtu wa kulegeza vitu. Haika naye alipoolewa aliamua kwamba kama ni heshima basi ataitoa yote, asije mtu akasema bibi harusi wa Kilimanjaro hakufundwa.

Tukuyu ilikuwa rahisi. Nyumba ina milango miwili na uwanja wa kutosha watu kukwepana kutwa nzima. Lakini mwezi wa Novemba mzee alikuja London kutembea kwa miezi mitatu, akafikia kwenye fleti yao ya Lewisham, vyumba viwili na bafu moja, na hapo heshima ikahitaji ratiba. Mzee alikohoa kabla ya kutoka chumbani. Haika, muuguzi wa zamu, alioga saa ambazo hata panya wa London wamelala. Mzee alikula sebuleni, Haika jikoni, na mazungumzo yao yote yalipita kwa Tusajigwe, binti wa pekee wa nyumba hiyo, miaka kumi na minne.

"Tusa, mwambie babu chai tayari," Haika husema, na babu mwenyewe yuko hatua tatu tu, upande wa pili wa mlango.

"Mwambie mama asante," babu hujibu, kabla Tusa hajafumbua mdomo.

Tusa ni mtoto wa London. Anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, isipokuwa kwa babu yake. Kwa babu alijikongoja na Kiswahili chake kilichovunjika miguu, na mzee akakipokea chote bila kukisahihisha. Wawili hao walikaa sebuleni jioni baada ya jioni, babu akisimulia kazi yake ya zamani. Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni ya TAZARA, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, miaka thelathini na mmoja. Aligawa mashuka, akatandika vitanda, akawaamsha watu wa Mlimba treni ikikaribia Mlimba na watu wa Makambako ikikaribia Makambako. Siku moja Tusa akamuuliza kitanda kipi ni kizuri zaidi, cha juu au cha chini. Babu alifikiri kidogo, akasema hajui, maana hakuwahi kulala kwenye hata kimoja.

Mtoto hakuliacha jambo hilo lipite. Wiki tatu nzima alikuwa kwenye simu, akilinganisha ratiba za treni za Ulaya kama karani wa stesheni. Wangekwenda Amsterdam mchana, kisha wapande treni ya usiku mpaka Vienna, halafu nyingine ya usiku mpaka Roma, warudi Amsterdam kwa ya tatu ya usiku, kutoka Zurich. Jumla babu angelala kwenye treni mara tatu, tena kama abiria. Visa ya Ulaya mzee alikuwa nayo tangu Dar, kwa kuwa Lusekelo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alishughulikia karatasi mapema. Haika aligombania likizo ya Krismasi wodini mpaka akaipata, baada ya kufanya kazi Krismasi sita mfululizo. Kila mtu alijua kwamba ni safari hii au hakuna tena. Mzee alikuwa na miaka sabini na minane, goti lake la kulia lilishaanza kukataa ngazi, na mwisho wa Januari alikuwa anarudi nyumbani.

Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, Tusa alitandaza karatasi juu ya meza ya sebuleni. Alikuwa amechora chumba chao cha treni kwa kalamu za rangi, vitanda vinne, kila kitanda na jina. Baba juu kushoto, Tusa juu kulia. Chini kushoto Babu, kwa sababu ya goti. Chini kulia Mama, kwa sababu ya mgongo wake unaoumia kwa kunyanyua wagonjwa. Kati ya Babu na Mama palikuwa na nafasi ya kupitisha sanduku moja.

Haika aliiona karatasi ile akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mwiko ukamtoka mkononi.

"Chumba ni kimoja?" mzee aliuliza, akivaa miwani.

"Kimoja, Babu. Mlango nafunga. Hakuna watu wengine. Sisi tu," Tusa alisema, uso unang'aa.

"Vizuri. Vizuri sana, mjukuu wangu." Mzee akaikunja karatasi mara nne, polepole, akamrudishia.

Kesho yake goti likaanza kuuma kuliko lilivyowahi kuuma. Mzee akasema waende wao, yeye atabaki alinde nyumba. Lusekelo akamwambia kwamba hakuna mwizi wa kupanda mpaka ghorofa ya nne kuiba televisheni ya zamani, mzee akasema ulinzi ni ulinzi. Lusekelo akaenda kuosha vyombo. Ni mume mzuri huyu, mchapakazi, anapika na kufua, lakini mbele ya baba yake hugeuka mtoto wa darasa la tatu.

Haika ndiye aliyeshika simu. Alimpigia wakala aliyewauzia tiketi, akaomba kuhamia chumba cha wanawake. Kimejaa. Akaomba chumba chochote. Vimejaa vyote, ni msimu wa Krismasi, ila kimebaki kitanda kimoja, kwa usiku wa kwanza tu, katika chumba chenye watu watano asiowajua, wanaume na wanawake. Haika akasema atakichukua. Dada wa kwenye simu akashangaa kwa nini mtu aache chumba cha familia yake akalale na wageni.

"Ni kwa sababu ya baba mkwe wangu," Haika alieleza. "Siwezi kulala naye chumba kimoja."

Dada yule akashusha sauti. Akamuuliza kama yuko salama nyumbani, na kama angependa kupewa namba ya kupiga akihitaji msaada.

"Hapana, dada, ni mtu mwema mno."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Ndiyo hilo," Haika alisema, akakata simu akiwa hajui acheke au alie. Kitanda cha usiku mmoja kisingemsaidia, kwa kuwa kwenye treni wangelala mara tatu.

Jioni hiyo, mzee akiwa amejifungia chumbani kwake, Haika aliwaambia mume na binti yake kwamba atakayebaki ni yeye. Atairudisha likizo yake, wodini watamshukuru, na goti la mzee litapona lenyewe. Alilisema kwa sauti nyepesi, kama mtu anayesamehe kipande cha keki.

Tusa alimgeukia mama yake. "So you hate him that much," alisema.

"Nani kasema namchukia?"

"You never talk to him. Not once. Kila siku mwambie babu, mwambie babu." Akaikunjua ile karatasi yake. "Vile vitanda niliweka hivyo makusudi. Facing each other. Ili muongee."

Haika alikaa chini. Haikumjia akilini kamwe kwamba mtoto aliyebeba ujumbe wao miaka yote, nyumbani kwa mzee na sasa hapa, alikuwa anaona chuki mahali ambapo mama yake aliona adabu. Lusekelo alijaribu kueleza mila ya kwao, akaieleza vibaya, akaishia kutazama sakafu. Alichojua Haika, na hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba alimpenda yule mzee kwa uchungu. Baba yake mwenyewe alifariki mwaka wa pili tangu Haika afike London, pasipoti yake ikiwa kwa watu wa uhamiaji, na mazishi aliyasikiliza kupitia simu ya mdogo wake akiwa kituo cha basi. Tangu siku hiyo duniani alibaki na mtu mmoja tu wa kumwita baba, na huyo ndiye hakuruhusiwa kumwita.

Jumamosi iliyofuata Lusekelo na Tusa walikwenda sokoni kutafuta soksi nzito. Kwa kawaida mzee huwafuata, ili asibaki peke yake na mkamwana, lakini mvua ilikuwa inanyesha na goti, safari hii, lilikuwa linauma kweli. Basi ilikuwa zamu ya Haika kutoka. Alivaa koti, akashika kitasa cha mlango wa nje, akasimama hapo mpaka jasho likaanza kumtoka. Kisha akavua koti, akarudi jikoni, akausogeza mlango mpaka ukabaki wazi kwa upana wa kidole.

"Mhudumu," alisema.

Sebuleni televisheni ilikuwa inaongea. Ikapunguzwa sauti.

"Mhudumu wa behewa," Haika alirudia, akiutazama ukuta. "Kuna abiria wana shida huku."

Haika alishaanza kujuta.

"Abiria gani?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyingine, kavu na ya kikazi, sauti ya mtu aliyevaa sare.

"Ni familia. Wamechukua chumba kizima, vitanda vinne. Ndani yumo mzee na mkamwana wake. Mabehewa mengine yamejaa."

"Yamejaa kabisa?"

"Nimeuliza mpaka wakadhani ninapigwa nyumbani."

Upande wa pili kulisikika pumzi ya kupitia puani, ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko.

"Watu wa namna hiyo wakipanda," Haika aliendelea, "ulikuwa unawafanyaje?"

"Walikuwa wanapanda kila wiki," mzee alisema. "Kwani wakwe hawasafiri? Kuna misiba, kuna harusi, kuna wagonjwa wa kupelekwa Muhimbili. Unachukua mashuka mawili mazito, unayafunga kwenye vitanda vya juu, unayashusha katikati mpaka chini. Wanawake wanaingia kwanza. Wakishajifunika, unawaita wanaume. Asubuhi wanaume wanatangulia kutoka, wanasimama koridoni mpaka waitwe."

"Na heshima?"

"Sijawahi kuiona imevunjika. Ingevunjika mimi ndiye ningefagia."

"Na huyo mzee, alikuwa anapata usingizi?"

"Wengi walikoroma."

Haika aliegemea friji. Swali lililokuwa linafuata hakuwa amelipanga.

"Na wewe, mhudumu? Ulikuwa unalala wapi?"

Mvua ilipiga dirisha la jikoni.

"Kwenye kiti cha kukunja, mwisho wa korido," mzee alisema. "Na si kulala. Ukilala, abiria anapitwa na stesheni yake. Miaka yote hiyo aliyeniuliza hilo ni wewe tu, hata marehemu mke wangu hakuniuliza. Alidhani mhudumu wa vitanda naye ana kitanda."

Hapo machozi yakamshinda Haika. Alikaa sakafuni, mgongo wake unaoumia ukiwa ukutani, na mambo ya mhudumu na abiria yakaishia hapo.

"Baba," alisema. Neno lilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Baba yangu alizikwa mimi nikiwa kituo cha basi. Sikuwahi kumpeleka mahali popote, hata Moshi mjini. Wewe nataka nikupeleke. Ukikataa nitakubali, sitakuvunjia heshima. Lakini nitaumia sana, na nimeona nikuambie mwenyewe, nisimtume mtoto."

Kiti cha sebuleni kililia. Nyayo zilikuja, moja nzito na moja ya kuburuza, zikasimama nyuma ya mlango. Mzee hakuusukuma. Haika aliona kivuli chake kwenye ule upenyo, akainamisha macho kama alivyofanya siku zote.

"Mashuka mazito mnayo?" mzee aliuliza.

"Yapo. Ya bluu."

"Na kamba?"

"Nitanunua."

"Nunua ya pamba. Ya nailoni inateleza treni ikikata kona." Aliposema tena, sauti ya sare ilikuwa imekwisha, imebaki ya mzee mwenye goti bovu. "Kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Mimi kwenye treni ndiye niliyekuwa naamsha watu. Sasa nikilala kweli, nikazama usingizini, tukafika huko Vienna, mimi nani ataniamsha?"

"Mimi, baba," Haika alisema. "Nitakuamsha mimi."

Mzee alishusha pumzi nyuma ya mlango.

"Basi niamshe mapema kidogo, mwanangu," alisema, "niuone mji unavyokuja."