Bwana Harusi Asipande Bugeshi

Mdogo wangu Régis alikuwa ameshavaa suti, na mimi nilikuwa nimeweka kiti mlangoni nikakikalia. Kule juu Bugeshi, chini ya volkano, baba mdogo Nkusi na ukoo mzima walikuwa wamekwenda kumposa Gwiza kwa ajili yake. Régis alitakiwa abaki huku chini Gisenyi mpaka kesho, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amezama ziwani mara tatu kushona wavu wa kizimba cha samaki. Nani anakubali kazi siku ya posa yake? Régis anakubali. Nilimsema mpaka sauti ikanikauka.

Hewa ya chupa anayovuta mzamiaji huingia kwenye damu, na kutoka hutoka polepole. Ukipanda mlima kabla haijatoka, inageuka mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe tunaliona kila siku: Cedric, mzamiaji mwenzake, alitoka majini akapanda mlima kwenda msibani, na leo anatembea kwa mkongojo.

"Yaya, mi najisikia muzuri," alisema Régis. Yaya ni mimi, mkubwa wake.

"Hata Cedric alijisikia muzuri. Kaa!"

Simu ikalia. Alikuwa Nkusi, msemaji wetu, na huyo hata akinong'ona nyumba nzima inasikia.

"Nimewaambia ukweli, Nishimwe. Nimesema bwana harusi iko na mapovu katika damu. Wamecheka! Wamenipigia makofi!"

Nilishika kichwa. Kwenye posa zetu kudanganyana ni sehemu ya sherehe. Upande wa binti watasema kaolewa jana, au kaingia utawa. Msemaji naye hujibu kwa uongo mkubwa zaidi, watu wakacheka. Nkusi ni bingwa wa mambo hayo. Siku moja tu kasema kweli, wakaona leo kajipita mwenyewe.

"Na baba ya Gwiza?"

"Muzee Mbarushimana anasema, kama kijana haonekani mbele ya saa tisa, binti anapewa wengine. Sijui kama anacheza. Hacheki, eh!"

Mtandao ukakatika. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuutafuta, nikasikia pikipiki inawaka. Nilipofika mlangoni kiti kilikuwa kimelala ubavu na Régis hayupo.

Nilimpigia, hakupokea. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mwishowe nikampigia Gwiza, ambaye siku kama hiyo hukaa chumbani na shangazi zake mpaka aitwe, na simu haruhusiwi. Alipokea.

"Gwiza, Régis anapanda huko. Atakufa!"

"Ngoja, yaya," akasema, akakata.

Baadaye ndipo nilipojua alichomwambia Régis kwa simu: "Ukifika hapa, mi sitoki chumbani. Hata waniimbie mpaka kesho." Maneno yangu yote hayakumfunga Régis kwenye kiti, lakini hayo yaligeuza pikipiki.

Aliporudi nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Akaketi, akaanza kusugua kiwiko.

"Ni baridi ya pikipiki," alisema.

Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Ulifika wapi?"

"Busasamana."

Busasamana ni juu, karibu kabisa na kule alikokuwa anakwenda.

Simu ikalia tena. Safari hii Nkusi hakunong'ona. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba na kupiga vigelegele.

"Wametupatia binti! Muzee alikuwa anacheza! Tangu mwanzo alikuwa anacheza tu! Mupe bwana harusi simu!"

Régis alinyoosha mkono. Simu ikamponyoka, ikaanguka kwenye saruji. Alivitazama vidole vyake, akajaribu kuvikunja, havikukunjika.

"Yaya," akasema polepole, "sisikii mukono."

Nilimlaza sakafuni na suti yake hiyohiyo, nikampigia kelele jirani akimbie kwa Cedric, aje na chupa ya oksijeni. Nilimshika ule mkono nikausugua, kana kwamba kweli ilikuwa ni baridi. Pale chini simu ilikuwa bado inaimba. Kisha nyimbo zikapungua, na sauti ya Gwiza ikaja, imejaa furaha.

"Régis? Nimetoka. We iko wapi?"