Mwanafunzi wa Sekunde Thelathini

Mpiga video wa chuo alitumwa atengeneze tangazo la sekunde thelathini la kozi mpya: siku mbili darasani, siku tatu nyumbani kwa mtandao. Akaenda kulipigia kwao, mdogo wake wa kike akaigiza mwanafunzi. Mtandao wa kwao una kiburi cha paka, huja unapojisikia, kwa hiyo alirekodi somo mapema akalitia kwenye kompyuta. Binti akatabasamu, mwalimu akatiririka kama maji. Kumwambia dada mtu kwamba lile ni somo la kurekodi, wala hakukumbuka.

Video ikasambaa. Mkuu wa chuo akampa mkono. Wiki ya kwanza ya masomo, simu ikalia.

"Kaka, nilijiandikisha kimyakimya, nilitaka kukushtukiza. Lakini mwalimu ameganda mdomo wazi tangu asubuhi! Siku ile si alifundisha vizuri tu, hapahapa mezani? Nibonyeze wapi?"

Kaka mtu, mdomo wazi, akainua macho. Kwenye skrini ya mapokezi ya chuo binti yuleyule alikuwa akitabasamu, na foleni ya kujiandikisha ilifika mlangoni.

"Kaka? Upo? Au na wewe umeganda?"