Vidole Vinne kwa Siku

Kila asubuhi bwawa la uani lilikuwa limepungua vidole vinne, na kila asubuhi Cheche alitafuta mtu wa kumtukana. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, alikokuwa fundi wa kuchomelea, na wala halikutokana na kazi yake. Mtu mzima na akili zake, lakini hasira zake zilikaa puani. Alishampiga teke mbwa wa jirani kwa kosa la kulamba maji yale, utadhani ulimi wa mbwa ni pampu ya zimamoto.

Bwawa lenyewe lilijengwa na mdogo wake, mwashi, aliyekuwa akiishi vyumba vya nyuma vya nyumba waliyoachiwa na baba yao. Mdogo mtu alijenga kuta kwa mawe na saruji. Cheche akachomelea mfereji wa bati: pampu inapandisha maji, yanapita mferejini, yanaporomoka tena bwawani. Humo walikuwemo perege sitini, na siku ya kumi perege walianza kuonyesha migongo.

"Ukuta wako umepasuka," Cheche alisema Jumamosi hiyo, beleshi mkononi. "Au unanichotea maji ya kufyatulia matofali yako."

"Sichoti, kaka. Na ukuta nimeukagua wote, jiwe kwa jiwe."

"Basi maji yanakwenda wapi? Yana miguu?"

Mwashi alisita. Alimtazama kaka yake, akalitazama beleshi, akasema polepole, "Tuzime pampu siku moja tu. Yakiendelea kushuka, ubovu uko kwangu, kwenye ukuta. Yakisimama..."

Hakumalizia, na hapakuwa na haja. Pampu ikizimwa maji hayapandi mferejini, na mfereji ni kazi ya nani? Cheche alikuwa amechomelea mageti ya nusu ya mtaa ule, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Damu ilimchemka.

"Unanifundisha kazi, wewe? Wewe niliyekufuta kamasi?"

Kofi la kwanza lilimbamiza mwashi ukutani. La pili lilimpasua mdomo. Mwashi hakurudisha, alijikunyata tu, akisema kaka, kaka, na neno hilo badala ya kumpoza Cheche likazidi kumtia wazimu. Alimkwida shati, akamburuta hadi ukingoni mwa bwawa, miguu yao ikanasa waya wa pampu ukang'oka kwenye soketi. Mke wa Cheche alichomoka jikoni akipiga kelele, "Utamuua! Mwache shemeji yangu!" Beleshi lilishuka. Mwashi aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na wote watatu wakausikia mfupa ukivunjika.

Mke alimpeleka shemeji yake hospitali bila kumuaga mumewe. Cheche alibaki kwenye kiti cha plastiki, akijiambia kuwa mdogo wake amejitakia. Aliendelea kujiambia hivyo Jumapili nzima.

Jumatatu asubuhi aliinama kuangalia alama aliyoikwaruza ukutani kwa msumari Jumamosi, muda mfupi kabla ya ugomvi. Maji yalikuwa palepale. Alijifuta macho, akaangalia tena. Siku mbili, na hayajashuka hata kidole kimoja. Ndipo alipoushtukia ule ukimya: pampu haikuwa imenguruma tangu waya ung'oke. Kipimo alichokikataa kilikuwa kimefanyika chenyewe, kwa fujo zake mwenyewe.

Alichomeka waya, akapiga magoti nyuma ya mfereji. Chini ya kiungo cha tatu, mchomo wake ulikuwa na tundu la kupenya njiti ya kiberiti. Maji yalichirizika kwa nyuma, upande wa ukuta wa jirani, na udongo ukiyanywa. Alichukua nyundo kubwa akaupiga mfereji mpaka ukakunjamana, akapiga mpaka viganja vikachubuka, akilia kwa sauti bila kujali majirani. Haikumsaidia kitu.

Mwashi alirudi Alhamisi, mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Daktari alikuwa amemwambia huenda asiushike tena mwiko wa uashi sawasawa. Alikuja kuchukua nguo zake. Cheche alimkuta kwenye korido, begi likimning'inia begani.

"Ulikuwa mchomo wangu," Cheche alisema.

"Najua. Niliona tope nyuma ya mfereji wiki nzima kabla ya siku ile."

"Uliona? Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenipiga."

"Usihame, mdogo wangu," Cheche akasema. "Nivunje na mimi, nitatulia. Lakini usihame."

Begi lilianza kumteleza mwashi. Cheche alinyoosha mkono ampokee.

Mwashi aliinama ghafla, plasta ikapanda juu kukinga kichwa, macho ameyafumba.

Cheche aliushusha mkono wake polepole sana. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta, ili mdogo wake apate njia ya kupita.