Simu Iliyofura

Msusi alikuwa ameyashika masharti ya ndege barabara. Simu na betri zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Tena kila kifaa kiwe na chaji, maana huenda mkaguzi akataka kukiona kikiwaka. Hilo la chaji ndilo alilolishika kupita kiasi. Tangu mama yake azikwe, simu ya marehemu haikutoka kwenye umeme, mchana kutwa, usiku kucha, pale saluni kando ya mashine ya kukaushia nywele. Aliogopa ikizimika itaondoka na sauti iliyomo. Yeye ni mtu wa vitana na mikasi. Mambo ya mitambo alimwachia Mungu.

Sauti hiyo ya mama ilirekodiwa akiwa kitandani, kwa ajili ya dada mkubwa, yule aliyeondoka nyumbani amenuna, akaolewa ng'ambo, asirudi hata kuzika. Ndugu hao waliahidiana kuisikiliza pamoja, wamekaa bega kwa bega. Msusi hakuwahi kuifungua. Angepata wapi moyo wa kuisikiliza peke yake?

Uwanjani, siku ya safari ya kwenda kwa dada, mkaguzi, mama wa makamo mwenye glavu, aliigeuza simu. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeachia, betri imetuna.

"Mwanangu, hii haipandi."

"Inawaka, mama. Ina chaji tele, tazama."

"Ndiyo shida yenyewe. Umeichaji mpaka imefura. Ikishika moto huko juu, watu watakimbilia wapi?"

"Basi niiweke kwenye sanduku."

"Huko ndiko kubaya zaidi. Inabaki hapa."

"Ina sauti ya mama yangu. Ameshafariki. Nampelekea dada."

Nyuma yao abiria waliokwisha kuvua mikanda walianza kuguna, mikono imeshikilia suruali, utadhani ndege ni ya baba yao.

"Huyo unayempelekea ana simu?" mkaguzi aliuliza. "Mpigie sasa hivi, asikilize. Simama hapo pembeni."

Msusi alimpigia dada yake, akamweleza huku analia, kisha akazilaza simu mbili mezani, zikielekeana.

"Haloo?" ilisema sauti ya mama. "Haloo, mwanangu? Unanisikia?"

Kikafuata kimya. Msusi akakumbuka siku ya kurekodi. Siku ile alimwambia tu, "Ongea na dada, mama," akabonyeza, akatoka ili amwachie faragha. Hakumweleza kwamba anarekodiwa. Mama alidhani amepigiwa simu.

"Ni mimi niliyekukosea. Nisamehe." Kimya tena. "Mbona hujibu? Bado umenikasirikia?"

"Sijakasirika, mama!" dada alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Nakusikia! Nimekusamehe!"

Mama alikohoa, akangoja kidogo.

"Haya. Naona hutaki kuongea na mimi. Si kitu, mwanangu. Ujifunike vizuri, nasikia huko kuna baridi."

"Mama, usikate! Mama!"

Rekodi ikaisha. Mkaguzi aliichukua simu ya marehemu taratibu, akaitia kwenye sanduku la chuma na kulifunga. Kwenye ile nyingine, dada alikuwa bado anaita.