Mlango wa Udongo

Kalamu nyekundu iliishiwa wino kwenye ukurasa wa sitini na mbili. Mtafiti akaitikisa, akaijaribu pembeni mwa gazeti, haikutoa hata nukta. Akafungua droo, akachukua nyingine, akaendelea. Hakuna aliyemtuma kukisahihisha kitabu kile. Kilikuwa kimeshachapwa mara tatu na kusomwa redioni, na watoto wa shule walikuwa wamejaza kuta za madarasa picha za ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa, aliyejifungia ndani ya tundu la mti.

Jaladani palikuwa na jina la mdogo wake.

Miaka kumi na tisa Mtafiti alikuwa akihesabu viota vya hondohondo, ndege huyohuyo, katika msitu wa mvua. Alijua jinsi jike anavyoingia tunduni, akaukandika mlango kwa udongo, akabakiza ufa tu wa kupitisha chakula. Jinsi anavyokaa gizani miezi mitatu na zaidi, tumaini lake lote likiwa kwa dume anayemletea matunda. Hayo aliyaandika katika ripoti kumi na nne. Mojawapo aliikuta katika ofisi fulani ikizuia dirisha lisijibamize. Leo mdogo wake, mwalimu wa darasa la nne, mtu ambaye siafu mmoja humtoa msituni mbio, ameandika kurasa mia moja na ishirini, na watu wasioweza kutofautisha hondohondo na bundi wanakusanya saini ili upande wa mashariki wa msitu usikatwe mbao.

Wivu juu ya mtu baki hupoa. Juu ya ndugu, hulala nawe kitanda kimoja; ukigeuka, nao unageuka.

Mdogo wake, ambaye nyumbani walizoea kumwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alifika ofisini mchana huo. Alikiona kitabu kimetapakaa wino mwekundu, akavuta kiti taratibu.

"Makosa yamefika mangapi, dada?"

"Arobaini na moja. Umeandika dume anaimba. Hondohondo haimbi, mdogo wangu. Anapiga kelele kama punda aliyekabwa."

Chiriku akacheka. Mtafiti hakucheka.

"Alhamisi baraza linasikiliza maoni kuhusu ule upande wa mashariki," Chiriku alisema. "Wakili wa kampuni ya mbao atasema kitabu changu ni porojo. Njoo uzungumze."

"Kumbe nahitajika niishuhudie hadithi yako."

"Uushuhudie msitu."

Mtafiti akafungua sura ya tisa. Hiyo ndiyo iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Humo dume ananaswa na mtego, jike anabaki ndani bila wa kumlisha, kisha dume wa mti jirani anaanza kumletea matunda, hadi siku udongo unapobomoka na kinda linaruka.

"Hii ni yangu," alisema. "Nilikusimulia mimi."

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Chiriku alikuwa amefiwa na mumewe, akajifungia chumbani, na si mama wala majirani walioweza kumtoa. Mtafiti alikaa sakafuni nje ya mlango wake, sahani ya chakula pembeni yake. Hakuwa na kipaji cha kufariji, basi akasimulia kile alichokuwa amekishuhudia msituni mwaka ule. Siku ya tatu kitasa kikazunguka.

"Najua ni yako," Chiriku alijibu. "Nimeandika mwanzoni kabisa."

Mtafiti akarudi kurasa za mbele. *Kwa dada yangu, aliyeona.* Hakuwa amepafika. Alikuwa ameanzia moja kwa moja kwenye makosa.

Alhamisi ukumbi ulifurika hadi milangoni. Wakili, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alikishika kitabu kwa vidole viwili.

"Mama Mtafiti, hili la ndege kumlisha mjane wa jirani yake. Umewahi kuliona?"

"Mara moja."

"Umeliandika katika ripoti ipi?"

"Hakuna. Jambo la mara moja si takwimu."

"Kwa hiyo ni hadithi."

"Niliona dume mgeni akileta matunda siku ishirini na mbili. Liite utakavyo." Akafunua daftari lake. "Ila hili nimelihesabu kila mwaka. Msitu mzima una viota mia moja na kumi na viwili. Sabini na vinne viko upande wa mashariki. Wiki hii, majike wote wamo ndani."

Mwanamke wa safu ya mbele akajishika kifua, na mnong'ono ukaenea hadi nyuma. Idadi ileile alikuwa ameitaja kwenye mikutano mingi, watu wakipiga miayo. Leo kila mmoja alikuwa akiona mama sabini na wanne gizani, midomo yao kwenye nyufa. Mtafiti alifurahi, na ndani ya furaha hiyo kijicho kikamfinya: namba zake zilikuwa zimesubiri miaka yote hiyo macho ambayo Chiriku ndiye aliyewapa watu.

Mwenyekiti wa baraza aliamuru shoka lisiingie msituni mpaka msimu wa viota uishe na hesabu irudiwe. Haukuwa ushindi. Ilikuwa nafasi ya kupumua.

Nje, wasomaji walimzonga Chiriku wakitaka saini. Mtafiti alisimama kando na daftari lake, hakuna aliyelitaka. Mdogo wake alipojinasua, walikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo.

"Nataka kuyasahihisha yale arobaini na moja," Chiriku alisema. "Yote."

"Ni arobaini na mawili."

"Lipi tena?"

Mtafiti akaliweka daftari lake kwenye ngazi.

"Kinda. Sikuliona likiruka. Siku ya ishirini na tatu nilikuta udongo umevunjwa na tundu ni tupu. Sijui kama walitoka wenyewe au walitolewa."

Chiriku aligeuka. "Lakini uliniambia liliruka. Ulinieleza hadi rangi ya mabawa."

"Nilikueleza."

"Mbona ulinidanganya, dada?"

"Ulikuwa na siku tatu hujala," Mtafiti alisema.

Chiriku alikiweka kitabu magotini, akakifungua kwenye sura ya tisa, akaubana ukurasa kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono mwingine kuomba kalamu. Mtafiti akaitoa mfukoni, akaishika, asijue kama ampe.